Je, wajua kwa nini treni yenye breki za upepo bado hufungwa breki kwa mkono?

Kama umewahi kukwama mlima Kitonga nyuma ya lori lililozima, umemwona utingo akiruka chini na gogo mkononi kabla gari halijatulia. Analisukumiza nyuma ya tairi, analipiga teke lishike, ndipo anapumua. Lori lina breki za upepo, na dereva keshavuta breki ya kuegesha. Utingo haamini.

Kwenye treni za mizigo za Marekani na Kanada yupo mtu mwenye mashaka hayo hayo. Anaitwa kondakta, ingawa hana abiria wala tiketi. Treni yenyewe huweza kufika kilomita mbili au tatu kwa urefu, lakini kwa kawaida waliomo ni watu wawili tu: dereva, na huyo kondakta ambaye ndiye mwenye safari. Ndiye anayeshika orodha ya mabehewa, anayeshuka kugeuza njia, kuunga na kukata. Treni ikijifunga breki ghafla saa nane za usiku, ni yeye anayechukua tochi na kutembea juu ya kokoto, behewa baada ya behewa, akisikiliza upepo unatokea wapi.

Nchini Marekani sheria inawaruhusu kufanya kazi saa 12 na si zaidi. Saa zikiwaishia porini, treni inasimama hapo hapo na gari linatumwa kuwachukua na kuleta wengine. Ikiwa treni itabaki peke yake, kondakta hana ruhusa ya kuingia garini hivi hivi. Anapanda ngazi ya behewa, anashika usukani wa chuma ulio kwenye ncha yake, na anauzungusha hadi mnyororo ulio chini ukaze na pedi zing'ang'anie magurudumu. Anashuka, anakwenda behewa linalofuata, anarudia. Hiyo ndiyo breki ya mkono, na kwenye mteremko anaweza kulazimika kufunga zaidi ya ishirini.

Upepo umekosa nini, basi?

Wengi wetu tunadhani breki ya treni inashika pale upepo unapojaa. Ni kinyume chake. Breki ya kwanza ya George Westinghouse, ya mwaka 1869, kweli ilikuwa hivyo: upepo ulitoka kwenye kichwa cha treni ukapita kwenye bomba na kusukuma breki. Ubaya wake unaonekana mara moja, kwani mpira ukichomoka breki zote zimekwenda. Miaka mitatu baadaye akaigeuza. Kila behewa likapewa tangi lake la upepo na valvu yake. Bomba likiwa limejaa, breki zimeachia. Dereva akitaka kupunguza mwendo anatoa upepo kidogo bombani, valvu ya kila behewa inahisi kupungua huko, na inachukua upepo wa tangi la behewa lenyewe kusukumia pedi. Treni ikikatika vipande viwili, bomba linamwaga upepo wote na vipande vyote viwili vinajifunga vyenyewe. Kabla ya hapo vijana walikuwa wakitembea juu ya mapaa ya mabehewa yanayokwenda, kwenye mvua na barafu, wakizungusha usukani mmoja mmoja, na wengi walianguka wakafa. Mwaka 1893 Marekani ilipitisha sheria ya kulazimisha breki za upepo.

Lakini upepo ni upepo. Muulize fundi wa pancha. Treni ya mabehewa mia ina maungio ya mipira mia, na hakuna ungio lisilovuja hata kidogo. Breki iliyoshika leo jioni inashikwa na upepo uliofungiwa chini ya behewa, nao unapenya polepole kwenye mipira iliyochakaa. Behewa moja litakaa siku nzima, jirani yake litaachia baada ya muda mfupi, na kwa kulitazama tu huwezi kujua ni lipi.

Hata treni ikiwa inatembea, upepo ni akiba ya kutumiwa kwa hesabu. Breki za mabehewa ya mizigo ya huko hazilegezwi nusu: dereva anaweza kuongeza, lakini akitaka kupunguza lazima aachie zote, kisha asubiri matangi yajae tena. Anayekanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia, kwenye mteremko mrefu, atafika katikati ya mlima matangi yakiwa yamepungua mno. Ndiyo maana dereva mzoefu huanza na mota za kichwa chenyewe, anazozigeuza zifue umeme badala ya kuula, ziikokote treni kwa nyuma.

Kilichotokea Lac-Mégantic, jimbo la Quebec nchini Kanada, kinaeleza haya kuliko kitabu chochote cha kanuni. Usiku wa tarehe 5 Julai 2013 dereva mmoja, peke yake bila kondakta, aliegesha treni ya mabehewa 72 ya mafuta ghafi juu ya mteremko, kilomita 11 hivi kutoka mjini. Alifunga breki za mkono saba, akaacha kichwa cha mbele kinaunguruma, akaenda kulala hotelini. Injini ile iliyoachwa inaunguruma ndiyo iliyokuwa ikijaza upepo wa breki za vichwa vya treni, ambazo, tofauti na za mabehewa, hushika kwa upepo unaosukumwa moja kwa moja. Baadaye ikashika moto. Zimamoto walikuja, wakauzima moto pamoja na injini, wakaondoka. Upepo ukaanza kupungua kimyakimya, polepole mno hata valvu za mabehewa zisihisi. Kabla ya saa saba za usiku treni ilianza kuteremka bila mtu ndani, ikaingia mjini kwa kasi ya kilomita 100 hivi kwa saa, ikaanguka na kulipuka. Watu 47 walikufa. Wachunguzi walisema mahali pale palihitaji breki za mkono kati ya 17 na 26.

Kuna jambo jingine katika taarifa yao ambalo naliona zito kuliko idadi hiyo. Dereva alikuwa amejaribu kama breki za mkono zinashika, lakini alijaribu huku breki za upepo za vichwa zikiwa bado zimefungwa. Treni haikusogea, naye akaridhika. Kilichoishikilia kilikuwa upepo ule ule.

Kwetu tunalijua jina la Igandu, mkoani Dodoma. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilirudi nyuma bila breki kushika, ikagongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281.

Jaribio sahihi ni la kutia wasiwasi kidogo, na ndivyo lilivyokusudiwa. Kondakta akishafunga idadi anayoona inatosha, dereva anaachia breki zote za upepo, za mabehewa na za vichwa pia, na wote wawili wanatulia kutazama magurudumu. Vyuma vinalia, mabehewa yanaegemeana, kisha kimya. Likizunguka gurudumu hata kidogo, dereva anarudisha upepo na kondakta anapanda ngazi nyingine.

Akimaliza anamtajia dereva kwa redio amefunga ngapi na kuanzia behewa lipi, na hesabu hiyo inaachiwa wafanyakazi watakaokuja. Kondakta wao atatembea njia ile ile kuzifungua. Akisahau moja, gurudumu litaburuzwa juu ya reli bila kuzunguka hadi upande mmoja usagike ukawa bapa, na breki ikija kufunguliwa behewa hilo litakwenda likigonga reli, ko, ko, ko. Ukisimama kwenye kivuko cha reli utalisikia kabla halijakufikia.