Kitabu kikisimama mezani, nishati yake imekwenda wapi?

Sukuma kitabu juu ya meza, kisha kiachie. Kitateleza kidogo, kitapunguza mwendo, kitasimama. Ukiuliza kwa nini, wengi watakujibu kwamba nguvu zimekwisha. Jibu hilo limezoeleka mno, nasi tunaofundisha fizikia tunatamani liachwe, maana nishati haiishi, huhama.

Uso wa meza unaouona laini, ukiuweka chini ya hadubini kali, una vilima na mabonde. Kitabu hugusana nao kwenye ncha chache tu, na uzito wake wote hubebwa na ncha hizo. Hapo chembe za pande mbili hukamatana, huvutana, kisha hubanduka zikitikisika. Mtikisiko huo ndio joto. Mwendo wa kitabu, uliokuwa wa upande mmoja, umesambaa kuwa mitikisiko isiyohesabika inayoelekea kila upande, ndiyo maana hauwezi kujikusanya tena ukisukume kitabu. Sugua viganja vyako kwa nguvu na utalihisi joto hilo mara moja.

Mwaka 1798 mwanasayansi Count Rumford alieleza jinsi alivyozamisha kipande cha shaba cha mzinga wa vita ndani ya maji, akakikereza kwa kekee butu iliyozungushwa na farasi. Baada ya saa mbili na nusu maji yalichemka, bila moto wowote.

Tupige hesabu. Kitabu cha kilo 1 kinachokwenda mita 2 kwa sekunde kina jouli 2 za nishati mwendo (jouli ni kipimo cha nishati). Msuguano ukiwa nyutoni 4 (nyutoni ni kipimo cha nguvu), kila mita hula jouli 4, basi kitasimama baada ya nusu mita. Joto lake ni dogo, kidole hakilitambui.

Gari ni habari nyingine. Gari la kilo 1000 likienda kilomita 100 kwa saa lina takriban jouli 386,000, kiasi cha kuchemsha lita nzima ya maji baridi. Kwenye lami kavu, magurudumu yakijifunga, litaseleleka kama mita 56. Kwa kilomita 50 kwa saa lingeseleleka mita 14 tu. Mwendo umeongezeka mara 2, umbali mara 4, kwa sababu nishati hufuata mraba wa mwendo. Na hapo hatujahesabu mita zinazopita kabla dereva hajakanyaga breki. Lami ikilowa, umbali huongezeka zaidi.

Gari likisimamishwa bila magurudumu kujifunga, joto kubwa huishia kwenye diski na pedi za breki. Kwenye mteremko mrefu, dereva asipoacha kukanyaga breki, joto huingia haraka kuliko hewa inavyoweza kulipoza. Pedi zikipata moto kupita kiasi hupoteza mkamato, na kanyagio huonekana halina kazi. Gia ndogo huiachia injini sehemu ya mzigo huo, ndiyo maana hushushwa mapema, kabla gari halijaanza kuteremka.