Kambi ya vijana Malindi: kiwanja kikagueni siku yake mbaya

Likizo zikikaribia barua zinaanza kumiminika ofisini, za makanisa, za madrasa, skauti, vikundi vya mazingira, wote wataka kupiga kambi Malindi, na ukiisoma ile barua unakuta kiwanja kishachaguliwa, arubuni imetolewa, mpaka bango limeshachapishwa. Ukiuliza kwa nini hapo, jibu ni bahari inaonekana na minazi iko. Sisi wa afya ya umma twaletewa tupige muhuri tu. Sasa wacha niandike yale huwa nawaambia wale wanaokuja mapema, ambao ni wachache.

Kiwanja kikagueni siku yake mbaya. Watu wanakuja Januari, jua kali, mchanga mkavu, wanaridhika, na kambi yenyewe ni likizo ya Aprili masika yakianza, na Mei ndio huku kwetu mvua inashika kabisa. Kama hamwezi kungoja mvua basi someni alama zake. Ukiwa upande wa mto Sabaki angalia miiba na vichaka, ukiona nyasi kavu na mifuko ya plastiki imenasa matawini usawa wa kifua chako, hakuna aliyeitundika hapo, ni maji yalifika. Na Sabaki usimwamini kwa kutazama mawingu ya Malindi, manake maji yake mengi yanatoka bara, ni ule ule mto Athi unaoanzia huko juu, kwa hivyo waweza kulala chini ya nyota na mto ukaja usiku. Novemba 2023 mvua za El Nino zilifunika daraja la Mbogolo na barabara ya Mombasa Malindi ikakatika, hebu fikiria uko na vijana 2,000 upande huu na chakula chao kiko kwa lori upande ule.

Ufuoni pia ni hivyo hivyo. Kuna ule mstari wa mwani mkavu na vifuniko vya chupa, huo ndio mpaka wa maji ya juzi, si wa maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, na bamvua kwetu tofauti ya maji kujaa na kutoka hukaribia mita 4. Waulizeni wavuvi, na muangalie kalenda ya mwezi kabla ya kuangalia kalenda ya shule.

Wengine husema aah hizo ni shida zetu sisi tusio na pesa. Agosti 2023 Jamboree ya Skauti ya Dunia ilifanywa Saemangeum, Korea Kusini, watu kama 43,000 hivi kutoka nchi zaidi ya 150, na nchi ile pesa si tatizo. Kiwanja kilikuwa ardhi iliyotwaliwa baharini, tambarare tupu, miti ya kivuli hakuna na maji ya mvua hayana pa kwenda. Ikabidi hema ziwekewe paleti za plastiki chini, wadudu wakawatafuna miguu, joto likafika digrii 35 mamia wakatibiwa, Waingereza na Wamarekani wakaondoa vijana wao mapema, halafu kimbunga Khanun kikawa kinakuja na waliobaki wote wakahamishwa kwa mabasi. Ukitoa hicho kimbunga, yote hayo yalikuwa yanaonekana kwa macho kabla hema la kwanza kusimama.

Kwa hivyo mkienda kukagua bebeni jembe. Chimbeni shimo la kufika magotini, mwageni ndoo mbili za maji mtazame. Mchangani karibu na ufuo maji yanapotea hata ndoo hujaiweka chini, mtafurahi, lakini endeleeni kuchimba, pengine hata mita 2 hamjafika mnakutana na maji ya chini, na hapo choo cha shimo hakifai, sakafu ya shimo inatakiwa ibaki angalau mita 1.5 juu ya hayo maji. Kwenye mwamba wa matumbawe jembe litaruka tu, na hata mkipata wa kutindua bado mwamba ule una nyufa, uchafu unapita humo unafika kisima cha jirani upesi, zile mita 30 za kawaida kati ya choo na kisima hapo mimi sizikubali. Udongo mwekundu wa kule Magarini unachimbika vizuri sana ila ukilowa ni utelezi, basi la vijana halitoki. Kama mtakodi vyoo vya kubeba sawa, lakini lori la kunyonya lifike mpaka mlangoni mwa choo, hili watu hulisahau kila mara.

Hesabu sasa. Vipimo vya Sphere wanavyotumia mashirika ya misaada ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku na choo kimoja kwa watu 20. Vijana 2,000 ni lita 30,000 kila siku, yaani boza la lita 10,000 mara tatu, na vyoo 100, vya wasichana vikiwa vingi zaidi. Msinihesabie kisima cha shamba kabla hamjayaonja maji yake, visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na maji ya mfereji nayo yanaweza kukatika wiki hiyo hiyo. Nafasi, wekeni angalau mita 2 kati ya hema na hema ili moto ukitokea usiruke.

Upepo nao una mpango wake. Agosti ni kusi, upepo unatoka kusini, kwa hivyo jiko, jenereta na vyoo viende upande wa kaskazini wa kambi moshi na harufu viende zao. Desemba ni kaskazi, unatoka kaskazini, geuzeni. Hema chini ya mnazi sikubali hata mnibembeleze vipi, nazi haingoji mtu atoke. Mwembe au mkorosho ni kivuli kizuri, ilmradi usiwe ule mti mmoja mrefu uliosimama peke yake, huo ndio radi inautafuta.

Karibu na mdomo wa Sabaki kuna viboko na usiku wanatoka kula nyasi, njia zao wenyeji wanazijua, na ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke kuna ndovu, ongeeni kwanza na watu wa KWS, shirika la wanyamapori.

Ambulensi ipite saa nane za usiku bila kusukumwa, na pawe na njia ya pili ya kutoka.

Halafu ardhi yenyewe. Malindi na Magarini mashamba yenye mzozo ni mengi, waweza kulipa mtu leo na kesho akaja mwingine na hati yake, kwa hivyo mmiliki ulizieni kwa chifu na mzee wa kijiji, dalali mwacheni kwanza. Mkishajua mwenyewe ni nani njooni ofisini kabla ya arubuni, tutawapa afisa mwende naye, kamba ya kupimia anayo, jembe mje nalo nyie.