Sampuli ya biashara: maziwa yanayovuka mpaka kwenda kujaribia mtambo

Katika mazungumzo ya kawaida, sampuli ni kitu kidogo: kichupa cha maabara, kipande cha kitambaa dukani, kijiko kimoja cha kuonja. Katika sheria ya Umoja wa Ulaya inayosimamia mazao ya wanyama yasiyokusudiwa kuliwa, "sampuli ya biashara" yaweza kuwa tangi zima la maziwa. Kanuni namba 142/2011 inaifasili kuwa ni mazao ya ziada ya wanyama, au bidhaa zitokanazo nayo, yanayopelekwa kwa uchunguzi au uchambuzi maalumu ulioidhinishwa na mamlaka husika, kwa madhumuni ya kuendesha mchakato wa uzalishaji, kubuni chakula cha mifugo au cha wanyama wa nyumbani, au kujaribu mashine na vifaa. Shehena hupewa jina hilo kwa sababu ya kazi inayokwenda kufanya, wala si kwa sababu ya uchache wake.

Mtu asiyezoea viwanda vya maziwa anaweza kuuliza kwa nini mtambo usijaribiwe kwa maji. Maji hupimia pampu, valvu na uvujaji, lakini hayaachi ukoko. Maziwa ya ng'ombe yanapopita kwenye bamba za kupashia moto na joto likazidi nyuzi 70 hivi, protini iitwayo beta-laktoglobulini huanza kubadilika umbo na kushikamana na chuma, kisha tabaka hilo hunenepa saa baada ya saa, joto likashindwa kupenya na shinikizo likapanda. Mnunuzi anayetaka kujua mtambo utafanya kazi kwa saa ngapi kabla ya kusimamishwa na kuoshwa hana budi kuona maziwa halisi yakipita ndani yake, tena kwa muda mrefu, na ndiyo maana kichupa hakitoshi. Hali ni hiyo hiyo kwa mashine ya kutenganisha krimu, mnara wa kukaushia unga na mashine ya kujazia pakiti, ambayo povu la maziwa huweza kuivuruga kwa namna ambayo maji hayawezi.

Jambo ambalo wasafirishaji wengi hulikosa liko katika sheria mama, yaani Kanuni namba 1069/2009. Maziwa yaliyokuwa mazuri kabisa kwa kunywa huingia katika fungu la mazao ya ziada pale mwenye mali anapoamua kuyapeleka kwenye matumizi yasiyo ya chakula, na sheria inatamka wazi kwamba uamuzi huo hautenguliki. Kwa kawaida maziwa ya namna hiyo huwekwa katika Kundi la 3, ambalo ndilo lenye hatari ndogo kati ya makundi matatu ya sheria hiyo, lakini udogo wa hatari hauyarudishi mezani. Fundi anayeendesha jaribio haruhusiwi kuonja kilichotoka mtamboni ili aseme kama ladha imebadilika. Anayetaka jibu la ladha anapaswa kuingiza maziwa yake kama chakula, chini ya masharti ya chakula, na hiyo ni njia nyingine yenye cheti kingine.

Kutokana na fasili hiyo, utaratibu wa vibali huanza upande ambao wengi hawautarajii. Chukulia mtengeneza jibini wa Uingereza anayetaka kununua mtambo kutoka Denmark, na mwenye mtambo anaomba apelekewe maziwa ya kujaribia. Hadi mwisho wa mwaka 2020 safari hiyo ilikuwa ndani ya soko moja, lakini tangu tarehe 1 Januari 2021 maziwa hayo yanatoka katika nchi ya nje ya Umoja. Hatua ya kwanza si ya mwenye maziwa. Anayepokea, yaani kiwanda kitakakofanyika jaribio, ndiye anayeomba idhini kwa mamlaka ya nchi yake, akieleza ni maziwa gani, yatatumika wapi na kwa kazi gani. Idhini ikiwa haipo, fasili yenyewe haijatimia, kwa kuwa sampuli ya biashara ni ile iliyoidhinishwa, na cheti kilichojazwa vizuri hakiwezi kuziba pengo hilo.

Idhini ikishapatikana ndipo msafirishaji anaposhughulikia cheti cha afya, ambacho kwa sampuli za biashara kina kielelezo chake katika Kiambatisho cha XV, sura ya 8, cha Kanuni namba 142/2011, na ambacho husainiwa na daktari rasmi wa mifugo wa nchi yatokako maziwa. Wakala wa forodha akichukua kwa mazoea cheti cha maziwa ya chakula, au hata kile cha maziwa yasiyo ya chakula ambayo si sampuli, atakuwa ameshika karatasi isiyoendana na mzigo. Kontena lenyewe hubandikwa maneno yasemayo kuwa hii ni sampuli ya biashara, si kwa matumizi ya binadamu. Shehena hutangazwa kabla ya kufika katika TRACES, mfumo wa mtandaoni wa Umoja wa Ulaya wa kufuatilia shehena za wanyama na mazao yao, hukaguliwa katika kituo cha ukaguzi cha mpakani, kisha huenda moja kwa moja hadi kwenye kiwanda kilichotajwa katika idhini, bila kupitishwa kwanza kwenye ghala la mtu mwingine.

Ukali wote huu una historia. Ng'ombe aliyeambukizwa ugonjwa wa miguu na midomo anaweza kutoa virusi katika maziwa yake kabla mfugaji hajaona lengelenge hata moja. Mwaka 2001 mlipuko wa ugonjwa huo uliifanya Uingereza ichinje mifugo zaidi ya milioni 6, na Januari 2025 ugonjwa ulijitokeza Ujerumani katika kundi la nyati-maji karibu na Berlin. Kupasha maziwa nyuzi 72 kwa sekunde 15, jambo linalotosha kwa vijidudu vingi vinavyomdhuru mnywaji, hakutoshi kuvimaliza virusi hivyo kwa uhakika, na ndiyo maana kwa maziwa ya chakula yatokayo nchi zenye ugonjwa Umoja wa Ulaya hudai matibabu mazito zaidi, kwa mfano angalau nyuzi 135 kwa muda unaofaa.

Kwa maoni yangu, kama maziwa yenyewe ni ya kawaida, ni busara kununua maziwa ya huko huko uliko mtambo na kuepuka safari nzima. Kusafirisha kuna maana pale maziwa yanapokuwa na tabia yake. Maziwa ya ngamia, kwa mfano, hayana ile beta-laktoglobulini, kwa hiyo jinsi yanavyoshika chuma hakuwezi kukisiwa kwa kutazama maziwa ya ng'ombe, na mfugaji wa Isiolo au mwenye kiwanda wa Dubai ana sababu ya kweli ya kutaka mtambo ujaribiwe kwa maziwa ya aina hiyo.

Jaribio likiisha, kilichobaki ama hurudishwa nchi kilikotoka, ama hupelekwa nchi nyingine iliyokubali kabla, ama huteketezwa au kutumiwa kwa njia zinazoruhusiwa kwa Kundi la 3, kama vile mtambo wa gesi ya samadi. Kiasi fulani chaweza kuwekwa kwa marejeo. Unga uliokaushwa au jibini lililogandishwa wakati wa jaribio havitoki nje ya masharti haya kwa kuwa tu vimebadilika sura, na gharama ya kuviondoa ni vyema iandikwe katika mkataba wa ununuzi wa mtambo kabla maziwa hayajapakiwa.