Tazama Kidole Kabla ya Ulimi: Dalili za Mapema za Usonji

Mzazi anapomleta kliniki mtoto wa miaka minne asiyesema, mara nyingi tunagundua kwamba wasiwasi wake ulianza zamani, mtoto akiwa na mwaka na nusu. Aliuliza nyumbani, akaambiwa avute subira, mbona hata baba yake alichelewa kusema. Wengine wameshawapeleka watoto kukatwa udata, ule utando ulio chini ya ulimi. Kidonda kimepona, maneno hayajaja.

Ninawaomba wazazi watazame kidole kabla ya ulimi. Mtoto wa miezi 18 akiona kunguru juu ya bati, humnyooshea kidole, kisha hugeuka kumtazama mama usoni kuhakikisha naye ameona. Hamtaki yule kunguru. Anatafuta mwenzake wa kushangaa naye. Mtoto mwenye usonji (autism), hali inayomfanya awasiliane na kuhusiana na watu kwa namna tofauti, mara nyingi hafanyi hivyo. Akiwa na kiu atakushika mkono, akuvute hadi kwenye ndoo na kuusukuma mkono wako kwenye kikombe, wala macho yake hayakutafuti.

Shtuka pia iwapo ametimiza mwaka na haitiki jina lake, hana neno hata moja akiwa na miezi 16, au amefika miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili. Aliyekuwa akisema kisha akaacha, wa umri wowote, aletwe bila kuchelewa.

Usonji hutokana na jinsi ubongo unavyokua tangu mtoto akiwa tumboni, na urithi una nafasi kubwa. Si laana, si malezi mabaya, wala si chanjo. Makala ya mwaka 1998 iliyohusisha usonji na chanjo ya surua ilifutwa na jarida la Uingereza lililoichapisha, mwaka 2010. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona akina mama wakibebeshwa lawama isiyo yao.

Hapa Tanzania chanjo ya pili ya surua-rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, na wengi wakishaipata hawarudi tena kliniki. Itumie siku hiyo. Uzito ukishaandikwa kwenye kadi, usiondoke, mwambie muuguzi, “Hanyooshi kidole, haitiki akiitwa.” Omba masikio yapimwe kwanza, maana mtoto asiyesikia naye haitiki. Usikimbilie kulipia picha ya kichwa: hakuna picha wala kipimo cha damu kinachothibitisha usonji. Mtaalamu humtazama mtoto akicheza na kukuhoji wewe unayeishi naye.

Wakati mnasubiri rufaa, anzeni nyumbani. Zima televisheni na simu, kaa chini mlingane macho. Shika ndizi anayoipenda karibu na uso wako, itaje, kisha nyamaza kidogo umsubiri. Akikutazama hata kwa nukta moja, mpe papo hapo. Rudieni hivyo kila mlo, na dada wa kazi au bibi anayeshinda naye afundishwe vilevile. Mazoezi haya hayana madhara hata kama baadaye itaonekana mtoto hana usonji.