Judo si karate, na kuanguka si kushindwa

Tangu Andrew Mlugu alipoiwakilisha Tanzania kwenye judo ya Olimpiki ya Paris 2024, uzito wa kilo 73, kijiwe chetu cha kahawa Ngamiani, hapa Tanga, hakiishi mabingwa wa maneno.

Wa kwanza alisema judo ni karate tu. Siyo. Judo haina ngumi wala teke. Mnakamatana ukosi na mkono wa vazi, mnatafutana ngwala, anayewahi anampiga mwenzake mwereka. Tuliocheza mieleka utotoni tunaujua mchezo huo, ila jina ndiyo jipya.

Ubishi mkubwa ulikuwa huu: eti aliyeanguka kashindwa. Babu mmoja akainuka kutuonyesha, akamdaka kijana mkono wa kanzu, akamvuta. Kijana kapiga magoti, kikombe kikapinduka. "Imekwisha hiyo!" Haijaisha, babu. Ippon, inayomaliza pambano papo hapo, inataka mpinzani atue chali, kwa nguvu na kwa kasi, huku aliyemrusha bado anamtawala. Mrusho ukipungukiwa kidogo unaweza kupewa waza-ari, na waza-ari mbili ni ippon. Ukitua kifudifudi, mwenzio hapati kitu. Ndiyo maana utamwona mtu yuko hewani anajipinda kama paka: analitafuta tumbo lake.

Tena kuna njia nyingine za kushinda. Ukimgandamiza mtu mgongo chini sekunde 20, umeshinda. Hata kabali, neno linalotutisha tukipita vichochoroni usiku, kule ni halali. Anayezidiwa anagonga kwa kiganja, anaachiwa.

"Dakika nne zikiisha sare, refa anachagua?" Siku hizi hapana. Wanaendelea bila kikomo mpaka mmoja apate alama, au mwingine afikishe adhabu ya tatu. Na medali mbili za shaba kwa kila uzito si makosa ya mtangazaji.

Halafu kuna hili la Mjapani hapigwi. Kweli, Jigoro Kano aliianzisha judo Japani mwaka 1882. Lakini ilipoingia Olimpiki mara ya kwanza, Tokyo 1964, fainali ya uzito wowote, Mholanzi Anton Geesink alimbana Akio Kaminaga chini, mbele ya watu wa kwao. Timu mchanganyiko ya wanaume na wanawake nayo, Ufaransa imewafunga Wajapani fainali zote mbili za Olimpiki, ya Tokyo 2020 na ya Paris 2024.

Babu bado anadai alimpata yule kijana. Kahawa iliyomwagika, hata hivyo, kailipa yeye.