Kava si rimiksi, na Boney M hawakutunga Mary's Boy Child

Desemba ikiingia, Boney M, kundi la disko la Ujerumani, wanarudi na Mary's Boy Child, wimbo wa Krismasi. Wako redioni, kwenye matatu na daladala, saluni na supamaketi, na hakuna anayelalamika, mimi nikiwa wa kwanza. Linalonikera ni maneno yanayosemwa kabla ya wimbo kupigwa. Kwaya ya hapa nyumbani imeimba Mary's Boy Child kwa ngoma na kinanda chake, mtangazaji anaitambulisha kama "rimiksi ya wimbo wa Boney M." Dakika kumi baadaye anapiga ile ya Boney M na kusema, "Sasa tusikilize orijino yenyewe." Hapo amekosea mara mbili, na kwa miaka mingi makosa hayo yamezoeleka hata watu wazima wanaopenda muziki wanayarudia.

Maana zenyewe ni fupi. Kava ni wimbo wa mtu mwingine unaoimbwa na kurekodiwa upya, kwa sauti mpya na vyombo vipya. Rimiksi ni rekodi ileile, sauti zilezile zilizokwisha kunaswa studio, ikifumuliwa na kupangwa upya. Anayefanya kava amependa mshono wa gauni la jirani, akanunua kitambaa chake na kumpelekea fundi. Anayefanya rimiksi amelichukua gauni lenyewe, akalifumua na kulishona kwa namna nyingine.

Watu huchanganya mambo haya kwa sababu tunasema "wimbo" tukimaanisha vitu viwili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi yake, kitu ambacho mtu anaweza kukiimba jikoni bila redio. Kuna na rekodi, yaani kile kilichonaswa siku fulani, studio fulani, na watu fulani. Utunzi mmoja unaweza kuwa na rekodi mia. Kava inagusa utunzi, rimiksi inagusa rekodi. Ukishatenganisha hivyo viwili, mengine yanajipanga yenyewe.

Neno rimiksi limetoka kwenye meza ya kuchanganyia sauti. Studio hurekodi ngoma peke yake, besi peke yake, gitaa peke yake na mwimbaji peke yake, kisha fundi mitambo anavichanganya: hiki kipande juu, kile kishuke. Kurudi mezani na kuvichanganya upya ndiko kulikozaa neno. Waliolifanya jambo hilo kuwa sanaa ni Wajamaika. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wenye disko za mtaani za Kingston na Spanish Town waligundua kwamba ukiondoa sauti ya mwimbaji na kuacha ngoma na besi, umati unapandwa na wazimu na kuimba wenyewe. King Tubby, ambaye riziki yake ilikuwa kutengeneza redio na vipaza sauti, akaendeleza ufundi huo hadi ukawa muziki kamili unaoitwa dabu: mwimbaji anatokea kwa neno moja, anapotelea kwenye mwangwi, besi inabaki. New York, katikati ya miaka ya 1970, Tom Moulton akawa anarefusha nyimbo za disko kwa kuzipanga upya kutoka kwenye tepu zilezile, ili wachezaji wasikatishwe utamu. Kote huko hakuna aliyeimba upya. Tepu ni ileile.

Niseme kwa haki kwamba msanii wa Bongo Fleva anapomwalika mwenzake aongeze ubeti juu ya biti ileile, nayo ni rimiksi, kwa kuwa rekodi ya kwanza bado imo ndani. Hapo sina ugomvi na mtu.

Kava ina historia yenye uchungu zaidi. Marekani ya miaka ya 1950, wimbo ukianza kuuzika, kampuni nyingine ilikimbilia kuurekodi na mwimbaji wake ili nayo iwe na santuri dukani kabla moto haujapoa. Mara nyingi mwimbaji wa kwanza alikuwa Mweusi ambaye vituo vingi vya redio vya Wazungu havikumpiga, na wa pili alikuwa Mzungu aliyepigwa kila mahali. Mwaka 1955 Fats Domino alitoa Ain't That a Shame, wimbo alioutunga na Dave Bartholomew. Mwaka huohuo Pat Boone akaurekodi, na ya Boone ndiyo iliyopanda juu zaidi kwenye chati kuu. Kwa hiyo swali la nani alitunga halikuanza kama ubishi wa wapenda vitabu. Wapo waliosahaulika kabisa kwa sababu msikilizaji aliijua sura ya pili tu.

Sasa tuje kwa Mary's Boy Child.

Aliyeutunga ni Jester Hairston, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1901 Belews Creek, North Carolina, mjukuu wa watumwa. Alikuwa mwalimu wa kwaya na mpangaji wa nyimbo za kiroho za Weusi. Alifanya kazi kwenye kwaya ya Hall Johnson, kisha kwa miaka mingi akapanga nyimbo za kwaya kwa filamu za Hollywood. Alikuwa pia mwigizaji. Alifariki Januari 2000, akiwa na miaka 98. Wengi wanaoimba kibwagizo chake kila Krismasi hawajawahi kulisikia jina lake.

Na wimbo haukuzaliwa kama wimbo wa Krismasi. Hairston aliombwa na rafiki atunge kitu cha sherehe ya siku ya kuzaliwa, na kwa kuwa wageni wengi walikuwa watu wa visiwa vya Karibiani, akautunga kwa mapigo ya kalipso, muziki wa visiwa hivyo. Ulihusu vitu vya kula na kunywa: uliitwa He Pone and Chocolate Tea, na huyo "pone" ni mkate wa mahindi. Wimbo ule haukurekodiwa. Baadaye Walter Schumann, kiongozi wa kwaya huko Hollywood, akamwomba Hairston wimbo mpya wa Krismasi. Hairston akayakumbuka mapigo ya sherehe ile, akayavika maneno mengine, na mkate wa mahindi ukampisha mtoto wa Bethlehemu.

Harry Belafonte aliusikia ukiimbwa na kwaya ile, akaomba ruhusa ya kuurekodi. Hilo la kuomba ruhusa linastahili kukumbukwa. Belafonte mwenyewe alizaliwa Harlem katika familia yenye asili ya Karibiani, na mwaka 1956 alikuwa anaitikisa Marekani kwa kalipso. Aliuimba polepole, sauti ikiwa karibu na sikio, kama anayembembeleza mtoto. Mwaka 1957 ukafika namba moja Uingereza, ukakaa hapo wiki saba, na ukawa miongoni mwa santuri za singo za mwanzo kuuza zaidi ya nakala milioni moja ndani ya Uingereza pekee.

Ile tunayoijua sisi ilikuja mwaka 1978, miaka 21 baadaye. Frank Farian, prodyuza Mjerumani aliyeliunda kundi la Boney M, aliuchukua utunzi wa Hairston, akauwekea ngoma ya disko isiyoyumba, akampa mwimbaji wa kundi, Liz Mitchell, aongoze. Kisha akaunganisha mwishoni wimbo mwingine mpya, Oh My Lord, alioutunga pamoja na Fred Jay. Ndiyo maana jina kamili la rekodi ni Mary's Boy Child – Oh My Lord. Sikiliza kwa makini: katikati, melodi inabadilika, maneno yanakuwa ya kushangilia, halafu kibwagizo cha zamani kinarejea na vyote viwili vinashikana. Hizo ni nyimbo mbili zilizofungwa pamoja. Kwaya zetu nyingi huziimba zote mfululizo zikidhani ni beti za wimbo mmoja.

Rekodi hiyo nayo ikafika namba moja Uingereza, wakati uleule wa Krismasi, na ikauza zaidi ya nakala milioni moja na laki nane huko. Utunzi mmoja, rekodi mbili, kilele mara mbili. Ya pili ni kava. Haipungukiwi heshima kwa kuitwa hivyo, na mimi ndiyo ninayoipenda zaidi. Ila orijino siyo.

Kuna tabaka jingine pia. Bobby Farrell, yule aliyekuwa akirukaruka jukwaani na kifua wazi, hakuwa mwenye ile sauti nzito ya kiume ya kwenye rekodi za Boney M. Ilikuwa ya Farian mwenyewe, studio. Kwa hiyo mtu anaposema "wimbo wa Boney M" inafaa tumuulize: anamaanisha utunzi, rekodi, sauti, au sura za kwenye jalada?

Kwa nini umedumu hivi, hasa kwetu? Kalenda inasaidia: wimbo wa Krismasi unapumzika miezi kumi na moja, hauchoshi. Lakini nyimbo za Krismasi ziko maelfu na nyingi zimekufa. Naamini siri moja ni kwamba huu hauna theluji. Hauna farasi wa kuvuta kigari kwenye barafu, wala mzee wa ndevu nyeupe. Una wachungaji usiku na mifugo yao, nyota, na Yusufu na Mariamu wanaotafuta chumba mji mzima na kukosa. Mtu wa Mwanza, Kisumu au Bujumbura hahitaji kufafanuliwa chochote humo. Na chini ya ile disko bado mna mapigo ya sherehe ya Hairston, ndiyo maana wimbo unapigwa kanisani mchana na baa usiku bila kubadilishwa. Padri hana la kupinga, na mwenye baa hana haja ya kuuharakisha.

Na kama mtu anaona habari hizi za utunzi na rekodi ni za Marekani na Ujerumani tu, aangalie Malaika. Belafonte aliuimba na Miriam Makeba kwenye albamu yao ya mwaka 1965. Boney M nao wakaurekodi mwaka 1981. Yaani wale walewale wawili waliopitisha Mary's Boy Child mikononi mwao walipitisha na Malaika. Rekodi ya Fadhili William ndiyo iliyoutangaza Afrika Mashariki, lakini nani hasa aliutunga ni ubishi wa miongo: yapo madai ya Adam Salim, yapo ya Lucas Tututu wa Mombasa. Ubishi ule unauma kwa sababu tunajua mtunzi ana haki ambayo mwimbaji hana. Mwaka 1983 Boney M wakaja tena na Jambo – Hakuna Matata, kutoka kwa Jambo Bwana ya Them Mushrooms, bendi ya Kenya, utunzi wa Teddy Kalanda Harrison. Mkenya akisikia ile ya Boney M ikiitwa orijino, huwa hakubali hata sekunde moja. Basi Hairston naye apewe haki ileile.

Tofauti hii ipo hata kwenye pesa. Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa na MCSK kwa ajili ya watunzi na wachapishaji wa muziki, KAMP kwa ajili ya prodyuza wa rekodi, na PRISK kwa ajili ya waimbaji na wapigaji. Vyama vitatu, si kwa kupenda mikutano, bali kwa kuwa wimbo mmoja ukipigwa hotelini una wenye haki wa aina tatu. Kwaya inayofanya kava inapaswa kupata kibali cha upande wa utunzi, haijagusa rekodi ya mtu. Anayefanya rimiksi anahitaji na kibali cha mwenye rekodi. Wanakwaya wetu wengi wameambiwa "ni rimiksi tu, haina neno," wakapandisha wimbo YouTube, kisha wakashangaa mapato yakielekezwa kwa watu wasiowajua.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, Desemba hii ukipiga ile ya mwaka 1978, sema tu, "Mary's Boy Child, utunzi wa Jester Hairston, hapa ukiimbwa na Boney M." Kwaya ya mtaani ikiuimba kwa ngoma zake, sema ni kava ya wimbo wa Hairston, na uitaje kwaya kwa jina maana imefanya kazi yake yenyewe. Neno rimiksi lihifadhi mpaka DJ aichukue ile sauti ya Liz Mitchell yenyewe na kuitandikia biti nyingine chini yake.