Si kila damu chooni ni bawasiri

Dereva wa bodaboda kutoka Buhongwa aliingia chumbani kwangu akakataa kiti. "Daktari, nikienda haja ni kama natoa vipande vya chupa." Alikuwa ameshapaka dawa ya bawasiri aliyouziwa sokoni, na kidonda kikazidi kuwaka.

Bawasiri ya ndani mara nyingi hutoa damu bila maumivu. Yeye alikuwa na mpasuko: mchaniko mdogo kwenye ngozi laini ya njia ya haja kubwa, kwa kawaida upande wa nyuma. Huuma wakati wa haja, kisha huendelea kuuma, pengine kwa saa kadhaa.

Mkorofi hasa ni msuli wa ndani unaobana njia hiyo, ambao haupokei amri yako. Kidonda kikiuchokoza hujikaza, na ukijikaza hukinyima kidonda damu ya kukiponya. Hapo mtu anaogopa choo, anajizuia siku tatu, kinyesi kinakauka, kinachana upya.

Kwa hiyo naanza na choo kilainike: maji ya kutosha, ugali wa dona badala ya sembe, maharage, mlenda, papai. Wengine nawaongezea laktulosi, dawa ya kulainisha choo. Kisha kukalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, hasa baada ya haja. Maji matupu, dawa ya kuua vijidudu itakuunguza bure.

Usipopona, tunalegeza msuli kwa marhamu ya diltiazemu ya asilimia 2, mara mbili kwa siku, wiki 6 hadi 8. Ya nitrogliserini nayo husaidia, ila huleta kichwa kuuma, na ni hatari ukichanganya na vidonge vya nguvu za kiume kwa kuwa presha hushuka ghafla. Hili nauliza waziwazi, maana hakuna anayelisema mwenyewe.

Upasuaji upo, na huponya wengi waliokwama. Lakini tunakata sehemu ya msuli, na wachache hubaki wakishindwa kuzuia hewa au kinyesi. Ndiyo maana sianzi nao.

Mpasuko ulio pembeni, au unaoambatana na kukonda, naupima zaidi: kifua kikuu na VVU navyo hujificha hapo.

Wiki ya nne dereva alirudi, akakaa, akauliza kama aache marhamu. Nikamwambia bado.